Kitenzi Chenye Kinyota: Uchambuzi wa Kisa cha Mada ya Semina Iliyoona Haya

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika darasa la isimu historia, mwaka wa tatu, kwenye chuo kimoja cha Afrika Mashariki. Mwalimu wa somo nilikuwa mimi. Mwaka, majina na kila kinachoweza kumtambulisha mtu nimekiondoa. Mhusika mkuu nitamwita Mwanafunzi tu.

Somo lenyewe lina nusu mbili. Nusu ya kwanza tunasoma jinsi mbinu linganishi, ile ya kulinganisha lugha ndugu ili kuijenga upya lugha mama yao, ilivyojengwa kwa lugha za Ulaya, nusu ya pili tunaihamishia kwenye Kibantu. Kila mwaka kuna anayeuliza kwa nini tuanzie Ulaya. Jibu langu ni kwamba Carl Meinhof, aliyechapisha mwaka 1899 kitabu chake cha sauti za lugha za Kibantu, alikuja na kisu kilichokwisha kunolewa huko. Hata Kanuni ya Dahl (k hugeuka g silabi inayofuata ikianza na k, t au c), ambayo Wakikuyu darasani wanaiishi kila wanaposema Gĩkũyũ na si Kĩkũyũ, ilibatizwa kwa mtindo ule ule wa Kanuni ya Grimm: wao wana Grimm wao, sisi tuna Dahl, mmisionari aliyekaa Unyamwezi akisikiliza Kinyamwezi.

Kanuni ya Grimm ndiyo kitovu cha nusu ya kwanza. Mdenmarki Rasmus Rask aliigusa mwaka 1818, na Jacob Grimm, yule yule wa hadithi za watoto, akaipanga vizuri katika toleo la pili la sarufi yake mwaka 1822. Inasema kwamba tawi la Kigermaniki, yaani Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia, lilihamisha konsonanti zake zote za kupasua kwa mpangilio. Penye p ya zamani pakawa na f, penye k pakawa na h, penye d pakawa na t, na kuendelea. Ndiyo maana mguu kwa Kilatini una shina ped-, na Kiingereza kina "foot": p imekuwa f, d imekuwa t.

Wanafunzi wangu waliikariri jedwali hiyo kama watoto wa madrasa wanavyokariri alifu-be-te, ila bila ile faida ya baadaye. Katika jaribio la wiki ya nne niliwapa shina la Kilatini wasilowahi kuliona, nikauliza sauti ya kwanza ya neno la Kiingereza la asili moja nalo ingekuwa ipi. Karatasi nyingi zilirudi zikiwa nyeupe hapo. Waliijua jedwali, lakini hawakujua kwamba ni mashine, unatia neno upande huu linatokea upande wa pili.

Kilichotokea

Wiki iliyofuata ilikuwa ya kuchagua mada za semina. Mwanafunzi alisubiri wenzake watoke.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Umepata mada?"

"Nimepata. Ila naona haya kuitaja."

Akaniandikia kwenye kona ya daftari. Alitaka kufuatilia asili ya kitenzi cha Kiingereza "fart", yaani kujamba. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana hapo hapo niliona kitu ambacho miaka yote ya kufundisha sikuwa nimekiona. Nitakieleza mahali pake.

Nikamwambia alete rasimu. Aliileta baada ya siku tano, kurasa saba, imeandikwa kwa bidii na ina makosa matatu makubwa. Nayaeleza kwa mfuatano kwa sababu somo lote la kisa hiki limo ndani yake.

Kosa la kwanza lilianza na picha. Alikuwa ameona kibao cha barabarani cha Denmark kinachoonya juu ya udhibiti wa mwendo, na juu yake yameandikwa maneno yanayoanza na "fart". Kwa Kidenmarki na Kiswidi neno hilo ni mwendo, kasi. Mwanafunzi akafunga hesabu: Wavikingi walivamia Uingereza tangu mwaka 793, wakaacha maneno kama "egg", "knife", "sky" na hata "they", basi na hili waliliacha wao, maana yake ikahama kutoka kasi ya chombo hadi kasi ya upepo. Nakiri ilinipendeza. Hoja ya uongo yenye historia ya kweli ndani yake huwa tamu kuliko kweli yenyewe.

Kosa la pili lilikuwa sentensi moja: "Wagermaniki wa kale waliandika fertaną." Hawakuandika. Hakuna jiwe, mfupa wala ngozi yenye neno hilo. Maandishi ya kwanza ya runi, herufi za kale za Wagermaniki, ni ya karne za mwanzo baada ya Kristo, na mengi ni majina ya watu kwenye vichana na silaha. Kitabu kikubwa cha kwanza cha Kigermaniki ni Biblia ya Kigothi ya askofu Wulfila, ya karne ya 4, na msomaji atakubali kwamba humo kitenzi hiki hakikupata nafasi. Umbo *fertaną limejengwa na wanaisimu kutokana na watoto wake, kama unavyoweza kumkisia babu ambaye hakupigwa picha kwa kuwatazama wajukuu kumi waliosimama pamoja. Ndiyo sababu tunalivika kinyota mbele, desturi ambayo August Schleicher aliieneza katika miaka ya 1860. Mwanafunzi alikuwa amekiacha kinyota kwa sababu, aliniambia baadaye, alidhani ni alama ya tanbihi iliyopotea.

Kosa la tatu lilikuwa la kukata tamaa. Mwishoni aliandika kwamba labda haya yote ni kazi bure, kwa kuwa neno limeiga tu mlio, na mlio ni ule ule dunia nzima.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumruhusu. Sikuwa na shaka juu ya thamani yake kitaaluma. Shaka yangu ilikuwa juu ya darasa. Tuna wanafunzi waliolelewa nyumba ambazo hata "kutoa hewa" husemwa kwa kunong'ona. Tukapatana: neno litatajwa waziwazi mara moja mwanzoni, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, baada ya hapo atatumia mashina yenye kinyota. Atazungumza kama daktari anavyozungumza juu ya mwili.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutomsahihisha kwa kalamu nyekundu. Kwa kila kosa nilimpa swali la kwenda kulipimia.

Kwa lile la Wavikingi nilimuuliza: Waskandinavia wenyewe, kitendo hicho wanakiitaje? Alirudi na jibu lililoivunja nadharia yake mwenyewe. Kinorsi cha Kale, lugha ya Wavikingi, kilisema freta, Kiswidi kina fjärt, na zote zina irabu ya e chini yake. Katika freta, r na irabu zimepishana nafasi, kama zilivyopishana katika hross ya Kinorsi na "horse" ya Kiingereza. Kumbe Mskandinavia ana maneno mawili yasiyojuana: moja la mwendo, jingine la tumbo. Lile la mwendo lilitoka Kijerumani cha Kaskazini, vart, nalo ni ndugu wa "Fahrt" ya Kijerumani, safari, kutoka kitenzi *faraną, kwenda. Na kwa Kiingereza ndugu yake ni neno ambalo kila abiria wa matatu na daladala analilipia: "fare". Kibao cha Denmark kinahusiana na nauli.

Swali la pili juu ya kosa hilo hilo: hiyo a ya Kiingereza ina umri gani? Hapa ndipo alipokaa wiki nzima, na ndipo kazi ilipokomaa. Katika Kiingereza cha Kale kitenzi chenyewe hakikuhifadhiwa, lakini nomino yake imo katika maelezo ya maneno ya Kilatini: feorting. Ile eo ni saini. Kiingereza cha Kale kilipasua e kuwa eo mbele ya r inayofuatwa na konsonanti nyingine, ndiyo maana moyo uliitwa heorte na nyota steorra. Neno lililokopwa juzi kutoka kwa mvamizi anayesema freta lisingekuja na saini hiyo. Kisha eo ikarudi kuwa e: herte, sterre, ferten. Kisha, kuelekea karne ya 15, er ikafunguka kuwa ar, na tukapata matamshi ya leo ya "heart", "star" na "fart". Kwa hiyo irabu iliyomfanya aone Udenmarki ndani ya neno ilizaliwa Uingereza, mamia ya miaka baada ya Mvikingi wa mwisho kufa.

Ushahidi wa katikati ya njia upo, na ni wa kupendeza. Mswada wa muziki wa katikati ya karne ya 13 unaohusishwa na abasia ya Reading, leo uko Maktaba ya Uingereza, una wimbo wa kukaribisha kiangazi ambamo fahali mchanga anaruka na dume la mbuzi "uerteþ". Wapo waliotaka kulisoma neno hilo kama "anarukaruka", kwa kulivuta kwenye Kilatini vertere, kugeuka. Nadhani haya iliwasaidia kufikiri. Usomaji wa kawaida ni kwamba mbuzi ameshiba majani mabichi na anafanya kile ambacho mbuzi aliyeshiba hufanya. Ile herufi ya kwanza, u inayosomwa v, ni lafudhi ya kusini mwa Uingereza, ile ile iliyotupa "vixen" kwa mbweha jike ambaye dume lake ni "fox". Na irabu, tazama, bado ni e.

Uamuzi wa tatu ndio ule niliouona nilipocheka. Nilimwambia aweke moyo kando ya mada yake. Katika lugha mama ya Kigermaniki, Kilatini, Kigiriki na ndugu zao, shina la moyo lilikuwa na umbo *kerd- (wataalamu huandika k hiyo kwa alama ya ziada, nasi tuiache). Shina la kitenzi chetu ni *perd-. Yametofautiana konsonanti ya kwanza tu. Basi yatie yote mawili kwenye mashine ya Grimm: k inatoka h, p inatoka f, na d ya mwisho inatoka t kote. Yanatoka *hert- na *fert-. Ukiyapeleka Ujerumani ya kusini, ambako baadaye t iligeuka z, yanatoka "Herz", moyo, na ferzan, kitenzi cha Kijerumani cha Juu cha Kale, ambacho nomino yake leo ni "Furz". Ukiyaacha Ugiriki, ambako Grimm hana mamlaka, k na p zinabaki zilivyo: kardía na pérdomai. Maneno mawili, moja la mashairi na jingine la chooni, yamepita kila kizuizi cha barabarani pamoja kwa miaka elfu kadhaa na kusimamishwa mahali pale pale. Kanuni ya sauti haiangalii heshima ya neno. Nilikuwa nimelisema hilo kwa mdomo miaka mingi bila mfano unaolionyesha.

Uamuzi wa nne ulihusu mlio. Sikutaka alikatae wazo la kuiga mlio, kwa sababu huenda ndivyo neno lilivyozaliwa. Nilimtaka atenganishe kuzaliwa na kukua. Kama Waingereza wangekuwa wanaiga upya kila kizazi, mbona wameshika f wakati Mgiriki ana pérdomai, Sanskriti ina párdate, Kilithuania kina persti, Kirusi kina perdet' na Kialbania kina pjerdh? Mlio wa Mwingereza ni tofauti? Tena neno linanyambulika kwa kubadili irabu kama vitenzi vya kale vinavyofanya: Mgiriki ana e katika kitenzi pérdomai na o katika nomino pordḗ, na "Furz" ya Mjerumani inatokana na daraja lisilo na irabu kabisa (u yake iliota baadaye). Kigermaniki Mame, yaani lugha mama ya tawi hilo, kilikuwa na *fertaną kwa kujamba, *fart kwa "alijamba" na *furtun kwa "walijamba", mpango ule ule wa "sing, sang, sung". Mlio wa kuigwa hauji na mnyambuliko wa namna hiyo. (Na hiyo *fart ya "alijamba" ilimrusha roho Mwanafunzi, akadhani amepata neno la leo likiwa zima. Nilimrudisha kwenye irabu: a ya leo imetoka kwenye e kwa njia ya herte na sterre. Kufanana na hiyo ya kale ni sadfa tupu, na ni sadfa mbaya kwa mwalimu.)

Uamuzi wa tano ulikuwa wa kukata, na uliniuma. Alikuwa na kurasa mbili juu ya Roland, mtumbuizaji wa enzi za Mfalme Henry II, aliyepewa ardhi Hemingstone huko Suffolk kwa sharti kwamba kila Krismasi aruke mara moja, apige mluzi mmoja na ajambe mara moja mbele ya mfalme. Ni kisa cha kusimuliwa barazani mpaka usiku. Lakini hati yenyewe ni ya Kilatini na inatumia neno bumbulum, kwa hiyo haina ushahidi wowote juu ya kitenzi chetu. Ikatoka.

Badala yake nikamwongezea kitu kimoja, ndege. Kwale kwa Kigiriki aliitwa pérdix, na wengi wanalihusisha jina hilo na kitenzi hiki kwa sababu ya mpwito wa mabawa yake anaporuka ghafla kutoka majanini. Aliyewahi kumstua kwale shambani hatabisha. Neno likaingia Kilatini, likaingia Kifaransa, likafika Uingereza likiwa "partridge", na p yake haikuguswa, kwa sababu lilifika Grimm akiwa amekwisha funga duka. Nilitaka darasa lione tofauti ya neno la kurithi na neno la kukopa katika ukoo mmoja: la kurithi lina f, la kukopa lina p.

Siku ya semina

Alisimama akiwa na chaki na bila karatasi. Kicheko cha mwanzo kilikuwa kikubwa, na kilidumu zaidi ya nilivyotegemea. Alipoandika moyo ubaoni kando ya shina la pili, kilizimika. Mtu mmoja nyuma alisema "aaah" kwa sauti ya chini. Dakika kama kumi hivi darasa lilikuwa linatia maneno mashineni lenyewe, wakirushiana mashina ya Kilatini.

Kisha ukaja mjadala ambao sikuupanga. Mmoja aliuliza kwa nini Kilatini, ambacho kilitakiwa kuwa na *perdo, kina pēdo bila r. Mwanafunzi alikuwa nalo jibu: lugha ile ya kale kabisa, Kihindi-Kiulaya Mame, ilikuwa na mashina mawili. *Perd- lilikuwa la kujamba kwa sauti, na *pezd- la kujamba kimyakimya. Kilatini kilipoteza la kwanza kikabaki na la pili. Mrusi bado ana yote mawili, perdet' na bzdet'. Mlithuania vilevile, persti na bezdėti.

Binti mmoja kutoka pwani, ambaye mpaka hapo alikuwa amejifunika uso kwa daftari, akasema bila kuinua kichwa: "Na sisi tunayo. Kujamba na kushuta."

Ni kweli, na mimi, mwalimu wa Kiswahili, sikuwa nimeliwaza. Anayejamba husikika. Anayeshuta hutambuliwa kwa ushuzi. Wanafunzi wa bara wengi hawakuijua kushuta, na wale wa Mombasa na Unguja wakawashangaa.

Matokeo

Kwa upande wa somo, jaribio la pili lilikuwa na swali la aina ile ile iliyorudi nyeupe, kwa maneno mapya. Safari hii wengi walijibu, na walionyesha hatua zao.

Lakini majibu kadhaa yalinitoa jasho. Wanafunzi waliandika kwamba "heart" na "fart" ni ndugu, zimetoka mzizi mmoja. Mmoja aliongeza maelezo ya kifalsafa juu ya pumzi na roho.

Nje ya darasa mambo yalikwenda vibaya zaidi. Mtu alirekodi dakika ya kwanza ya semina, ile ya kicheko, ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp bila dakika zilizofuata. Mwanafunzi alibandikwa jina la utani la Kigiriki, la kustahimilika, lakini kwa wiki mbili hakuwa akila bwaloni. Na mwenzake mmoja aliandika barua kwa mkuu wa idara kwamba somo limegeuzwa kijiwe cha matusi.

Mkuu aliniita. Hakufoka. Aliniomba maelezo ya maandishi, nikampa ukurasa mmoja. Humo nilieleza kazi ya mfano ule, kisha nikaongeza kwamba uchafu wa neno una historia yake na ni wa juzi kuliko neno: wimbo wa mbuzi umehifadhiwa kwenye mswada wa watawa, mshairi Chaucer alilitumia mwishoni mwa karne ya 14 bila kuomba radhi, na Samuel Johnson, mcha Mungu mkubwa, alilitia kwenye kamusi yake ya mwaka 1755 na kulifafanua kwa utulivu kabisa kuwa ni upepo utokao nyuma. Mkuu alisoma, akaniambia mada ibaki, ila mwaka unaofuata darasa liarifiwe mapema. Aliyeandika barua nilizungumza naye pia. Hoja yake haikuwa juu ya neno. Alikuwa amekaa karibu na shemeji yake, darasani, bila kujua kinachokuja.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni ulinganisho wa *kerd- na *perd-. Jozi hiyo ina mabadiliko mawili ya Grimm kwenye neno moja, ina mabadiliko ya Kijerumani ya baadaye, ina kupasuka kwa e na kurudi kwake, na mashahidi wake wako hai Ulaya hadi India. Mguu, ped- na "foot", una sehemu ya hayo. Lakini mguu haumchekeshi mtu, na anayecheka amekwisha kuwa macho.

Kuacha makosa yajipime nako kulizaa. Kama ningefuta lile la Wavikingi kwa mstari mmoja, Mwanafunzi asingefika kwenye feorting wala asingeelewa kwamba tarehe peke yake haitoshi: maandishi yenye feorting yenyewe si ya kabla ya Wavikingi. Kilichoamua kesi ni umbo la irabu. Huo ni ujuzi wa mwaka wa nne, na aliupata kwa kulipigania kosa lake.

Kosa langu la kwanza ni la wazi na ni la adabu. Nilifanya mapatano na msemaji nikasahau wasikilizaji. Sisi ni watu wa kuulizana kwanza nani yuko chumbani. Neno ambalo vijana wawili wanalisema wakicheka haliwezi kusemwa mbele ya mkwe, na darasa la chuo lina wakwe, mashemeji na watani ndani yake kuliko tunavyojua. Tangazo la mstari mmoja siku moja kabla lingetosha. Pia ningekataza kurekodi. Hilo sikulifikiria hata kidogo, na gharama yake aliilipa kijana.

Kosa la pili ni la kimbinu, na ndilo linalonisumbua bado. Niliyaweka maneno mawili yanayofanana kwa vina kwenye ubao mmoja, nikayapitisha njia moja, kisha nikashangaa watu walipoyaona ndugu. Kwa nini wasingeyaona? Wiki nne nzima nilikuwa nimewafundisha kwamba maneno yanayopita njia moja ni ya ukoo mmoja. Sikuwaambia kwamba kuna aina mbili za kufanana. "Heart" na kardía zimetokana na shina moja. "Heart" na "fart" zina mashina mawili tofauti yaliyotawaliwa na sheria moja, kama abiria wawili wasiofahamiana waliokaguliwa na askari mmoja. Ningechora mistari miwili ubaoni: wa wima kwa ukoo, wa ulalo kwa sheria. Sasa nachora.

La tatu ni dogo. Kitenzi chenye *fart katika wakati uliopita kilistahili kuonywa mapema kwenye karatasi ya mada, kwa sababu kila mwanafunzi mwerevu atakiona na atakimbilia huko.

Mabadiliko yaliyobaki kwenye somo ni haya: mada imehamia wiki ya pili, darasa linaarifiwa, simu zinawekwa mezani, na zoezi la kufuata ni la Kibantu. Zoezi hilo lilizaliwa na yule binti wa pwani. Wiki moja baada ya semina alirudi na wenzake wawili wakiwa na ushuzi mkononi, kwa maana ya kiisimu. Walikuwa wamegundua kwamba Kinyarwanda kina gusura, Kishona kusura na Kizulu ukusuza, zote kwa kitendo hicho. Wakaeleza z ya ushuzi kwa kuiweka kando ya malazi, kutoka lala, na makazi, kutoka kukala, umbo la zamani la kukaa: l ya shina imegeuka z mbele ya i. Ilikuwa hoja nzuri. Niliwauliza juu ya sh. Kama wenzetu wana s, nataka maneno mengine matatu yenye sh kwetu na s kwao mahali pale pale, na yasiwe ya mkopo. Wameleta mawili.